Pongo Aliyejeruhiwa Lazima Afuatwe

Mume wangu hakujua kusoma. Mimi nilianza darasa la watu wazima hapa Mpepai nikiwa na miaka thelathini na tisa, na tangu mwaka huo, kila msimu wa uwindaji ulipofunguliwa, nilimsomea masharti ya leseni yake huku akisafisha bunduki. Dume peke yake. Mchana peke yake. Mnyama aliyejeruhiwa lazima afuatwe mpaka apatikane.

"Mwalimu," alinitania, "soma polepole, pongo wasije wakasikia wakajua haki zao."

Mwaka juzi alimtaka dume mmoja mzee wa pongo, swala wa vichakani, mweusi, mwenye shingo iliyonyonyoka manyoya, aliyekuwa akishuka alfajiri kula maharage katika bustani yetu ya bondeni. Madume wawili wachanga, ambao pembe zao zilikuwa hazijapita masikio, aliwaacha waende. Shemeji yangu, mdogo wake, alimcheka.

"Kaka, unachagua nyama kama anayechagua mchumba!"

"Ndivyo nilivyompata huyu," akajibu. Nilijifanya sikusikia.

Maficho yake yalikuwa shimo la ngolo, kilimo chetu Wamatengo cha mashimo na matuta, juu kidogo ya bonde. Alfajiri hakukaa hapo, kwa kuwa hewa ya baridi huteremka na kumpelekea mnyama harufu ya mtu. Alisubiri jua lipashe mteremko, upepo uanze kupanda, ndipo akajilaza kumngoja dume arudi kichakani akiwa ameshiba.

Jumanne ya tatu ya Septemba alipiga. Risasi ilimpata pongo chini mno, akaingia kichakani akichechemea. Shemeji ndiye aliyenisimulia yaliyofuata.

"Tumwache, Kaka. Atakufa mwenyewe, na pongo mwenye jeraha ni mkali."

"Mwalimu amesoma kwamba anafuatwa," mume wangu akasema, akainama akaingia.

Dume alikuwa amelala akitazama njia aliyoingilia. Pembe ilizama pajani mwa mume wangu kabla Shemeji hajammaliza dume. Walimpakia kwenye bodaboda kumwahisha Mbinga mjini, na damu yake yote ikabaki barabarani.

Msibani nilisikia wakinong'ona kwamba jangili amepata alichokitafuta. Kwa hiyo bwana nyama wa wilaya, ofisa wa wanyamapori, alipokuja, nilimpa leseni mbele ya watu wote. Aliisoma, akazikagua pembe za yule dume, akawageukia waombolezaji.

"Marehemu alikuwa mwindaji halali. Alifuata sheria mpaka mwisho."

Walionong'ona wakainamisha macho. Nilisimama wima, nikamshukuru kwa sauti ambayo hata waliokaa nje waliisikia. Nilikuwa nimelitetea jina lake, na halikuwa na doa.

Kisha niliingia chumbani, nikaegemea mlango. Ningekubali aitwe jangili na kijiji kizima, afungwe, atozwe faini, nami nimpelekee chakula gerezani kila Jumapili. Ningempelekea maharage ya bondeni, na angenitania kwamba yamepungua chumvi.