Nilivyomwonyesha mwanafunzi wito wake nikiwa nimejifungia kwa gari

Wakuu, salamu kutoka Voi. Haya ni ya kweli tupu na aibu ni yangu mwenyewe, kwa hivyo chekeni polepole.

Mimi nafundisha kilimo kwa chuo kimoja hapa. Ufugaji wa nyuki nimefundisha miaka sita, yote kwa slaidi. Nyuki nawajua sana kwa picha.

Sasa kulikuwa na Wakesho, wa mwaka wa pili. Msichana mkimya, course alichaguliwa na babake. Siku moja akaniambia ameandika barua ya kuacha chuo, imebaki sahihi yangu tu kama mentor wake.

Nikajipiga kifua. Nikamwomba siku moja tu ya practical, kwamba wito hupatikana kwa mikono. Jioni kama bado hataki, nitasaini bila maneno.

Tukaenda Miasenyi na wenzake wanne, shamba la mama mmoja aliyelizungushia mizinga ya nyuki ili ndovu, ambao huogopa nyuki, wasimalize mahindi.

Wanafunzi wakavaa kofia za wavu. Mimi yangu nikavua, picha itoke vizuri. Na nilikuwa nimejipaka marashi.

Slaidi ya tatu, wakuu: usiende kwa nyuki na marashi. Niliiandika mimi.

Nikafungua mzinga nikihubiri mambo ya purpose. Bomba la moshi wa kutuliza nyuki likazimika. Nyuki wakanishukia shingoni.

Nilikimbia. Sikuangalia mwanafunzi hata mmoja. Nilijifungia kwa gari, nikapandisha vioo, kumbe nyuki watatu nimeingia nao.

Kupitia kioo niliona wale wanne wamejificha nyuma ya ghala. Wakesho amebaki. Alichutama, akawasha bomba upya, akafukiza taratibu, akafunika mzinga.

Halafu, jamani, akaufungua tena, akaanza kumuuliza yule mama maswali. Huyo mtoto hajawahi kuniuliza swali hata moja.

Nilijivunia yeye, nikajionea haya mimi.

Jioni, jicho moja limefunga kwa kufura, nikamwambia alete barua nisaini. Ahadi ni ahadi.

"Haiko, mwalimu," akasema. "Bomba lilikosa karatasi ya kuwashia."

Siku hizi kwa practical yeye ndiye hufungua mizinga. Mimi nashika bomba, nimeoga na maji matupu.

Nilichojifunza: nilidhani mentor ni mtu wa kuonyesha njia. Kumbe saa zingine ni wa kutoka njiani, hata kama ni mbio.

Haya, semeni. Wewe kazi yako uliipendea wapi, na nani alitoroka ndio ukaipata?