Siku ya Kumrudisha Janeffer

Seth Kipkosgei wa Sosiot si mlevi wala mwizi. Kosa lake ni kukataa kuzeeka.

Alipokuwa shule ya upili, kulivuma kikundi cha waimbaji, wavulana watano kutoka Uingereza. Seth na wenzake wanne wakaunda chao, wakaiga sauti, mashati meupe, hata namna ya kupiga goti. Walialikwa harusi hadi Bomet, wasichana wakizirai au wakijifanya. Wazungu walipogombana na kutengana, hawa nao wakatengana. Wenzake walitafuta kazi. Seth alisubiri, majani chai ya babake yakikomaa bila kuchumwa. Wazungu wakarudiana, wakaachana, wakarudiana tena na vitambi vyao, na kila mara Seth aliwakusanya wenzake kwa harusi moja, kisha wakatawanyika. Aliita huo uaminifu. Mimi nauita uvivu.

Mwaka jana mkewe, Janeffer, alichoka, akarudi kwao Merigi. Kwetu mke aliyerudi kwao hafuatwi kwa simu. Mume huenda na wazee wake, akakemewa, akaomba msamaha. Wakwe walipanga Jumamosi. Janeffer alituma neno: asipokuja siku hiyo, basi.

Ijumaa, Ongeri, mwimbaji mwenzake wa zamani, akapiga simu.

"Wewe sauti ya tatu, uko hai? Kesho kuna harusi Kericho. Wanataka sisi wote watano!"

"Kesho naenda Merigi na wazee kumrudisha mama watoto."

"Mke hatoroki kwao, bwana. Sisi ndio tunaisha."

Seth akaenda Kericho bila kumwambia mtu. Baba yake mdogo, Mzee Chepyegon, alitangulia Merigi na wazee wawili, wakidhani atawafuata.

"Mwenye mke yuko wapi?" baba mkwe akauliza.

"Yuko njiani."

Janeffer aliweka birika chini. "Mzee, usijiaibishe kwa ajili yake. Yuko hapa kwa simu, watu wa harusi wanamrusha moja kwa moja mtandaoni. Ona, amepiga goti, sasa kuinuka ndiyo shida."

Kuna aliyecheka. Mzee Chepyegon alichukua kofia yake.

Baada ya hapo wazee walikataa kwenda tena; aibu moja iliwatosha. Seth alikwenda peke yake. Hakuna aliyemgombeza. Alipewa chai, akaulizwa kama mvua imenyesha Sosiot. Alipoanza kuomba msamaha, baba mkwe alisimama, akamshika mkono.

"Karibu siku nyingine, Seth," akasema. Miaka yote ya ndoa alikuwa akimwita mkwe.