Neno Moja Chini ya Sauti ya Baba

Baba yangu ni seremala. Ukoo wetu ulitoka Maniema enzi za babu yake, ukafika Lubumbashi na haukuondoka tena. Nyumba tunayokaa huku mtaa wa Kampemba aliijenga mwenyewe, pamoja na milango yote, hata ule wa jikoni ambao mvua ikinyesha haufungiki mpaka uusukume kwa bega. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama alipofariki nilirudi kuishi na baba, kwa sababu alikuwa ameanza kula amesimama, kando ya mbao zake, kama mtu anayengoja kuitwa.

Avenyu yetu ina kundi la WhatsApp. Lilifunguliwa kwa mambo ya kawaida: umeme umekatika upande gani, nani amefiwa, mbuzi wa nani ameingia kwenye mboga za watu. Baba alikuwa haandiki. Alisema vidole vyake vimezoea nyundo, basi akiwa na neno alituma sauti, na kila sauti yake ilianza kwa salamu ndefu iliyowachosha vijana.

Vita ya mashariki mwa nchi ilipozidi, kundi lilibadilika. Asubuhi ulikuwa ukikuta video za maiti juu ya tangazo la mtu anayeuza mahindi mabichi. Watu waliandika kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Lakini kwetu nyumbani vita ilikuwa na sura ya mtu. Shangazi yangu, dada wa mwisho wa baba, aliolewa Bukavu, na tangu waasi walipouingia mji ule simu yake ilikuwa inaita siku moja na kunyamaza siku nyingi. Baba alikuwa akipiga randa huku simu iko juu ya meza, uso wa kioo ukimwangalia.

Jumapili moja mchana alituma sauti. Nilikuwa karibu, nilimsikia akiisema. Alisalimu wote, wakubwa kwa wadogo. Akasema yeye hawapendi waasi, wameua watu wake. Akasema jeshi letu analiombea kila anaposwali. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, "Lakini miye naona tuzungumuze nabo. Dada yangu iko kule ndani. Kila mwezi tunaongeza vita, ni bantu kama yeye njo banakufa. Kama kuko mwenye kuona njia ingine, anielezee. Niko nasikiliza."

Jibu la kwanza lilikuwa neno moja. Kolabo.

Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Ni mtu aliyejiuza kwa adui, anayemfungulia mlango wa nyuma. Aliyeliandika alikuwa kijana anayetengeneza simu kwenye kona yetu, mtu mzima mwenye akili, ambaye familia yake ilitoka Kasai na mama yake huuza unga wa mahindi hapo hapo. Baada yake wengine wakaliandika hilo hilo, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaopita kutia saini. Halafu yakaja mengine. Mmoja aliuliza kwa nini mzee huyu anawajua waasi. Mwingine alisema tuangalie pua yake, kama ni ya mtu wa nchi hii kweli. Mwingine akasema arudi kwao, bila kutaja kwao ni wapi.

Baba alinipa simu nimsomee. Niliruka baadhi ya maneno, akajua.

"Kuko mwenye kujibu ile niliuliza?" akasema.

Nikamwambia bado.

Siku zilizofuata mtu alikata ile sauti. Alitoa salamu, akatoa maneno juu ya jeshi, akatoa na shangazi, akaacha kipande kile tu, tuzungumuze nabo, yaani tuzungumze na waasi. Kipande kikatembea. Binamu yetu wa Likasi alitutumia akiuliza kama tunamfahamu mzee huyu msaliti, maana sauti yake inafanana na ya baba. Baba alikisikiliza akiwa ameshika patasi mkononi. Alisema sauti ni yake ila maneno hayako yake, akarudi kazini, lakini ubao aliokuwa akiuchonga siku ile aliuharibu na kuutupa nje.

Asubuhi moja tulikuta neno lile limeandikwa kwa mkaa kwenye geti letu. Nilichukua maji na kitambaa. Mkaa haukutoka vizuri, ulisambaa tu, na waliopita kwenda sokoni walitazama chini. Mama mmoja aliyekuwa ameagiza kitanda alituma ujumbe kwamba amebadili mawazo. Msikitini walimwomba baba, kwa upole kabisa, atoe ufafanuzi ili jina la jamaa wote lisichafuke. Aliwajibu kwamba alishasema yote, wasikilize mpaka mwisho. Nadhani hakuna aliyesikiliza. Hata waliomhurumia walimhurumia kwa kile kipande.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa fundi wa reli mstaafu, Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, rafiki wa baba tangu mimi sijazaliwa. Idi alikula kwetu, Noeli tulikula kwake. Kuhusu vita hawakukubaliana hata kidogo. Yeye alitaka waasi wapigwe mpaka wa mwisho, na jioni nyingi niliwasikia wakibishana karibu na jiko la makaa, mmoja akimkatiza mwingine, kisha wakiulizana habari za miguu na damu kupanda. Huyu ndiye aliyeamua kumtetea baba. Aliingia kwenye kundi akaandika kwa herufi kubwa, akimjibu yule kijana: ninyi bakuya, mliokuja hapa juzi na mabegi, mtamfundisha nani kupenda nchi?

Bakuya ni waliokuja, wageni. Na hapa mjini neno hilo lina wafu ndani yake. Miaka ile ya tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, lilianza hivyo hivyo, kama mzaha wa mtaani, likafuatwa na jingine la kuwaita wadudu. Mwishowe familia zilizozaliwa hapa zililala kwenye stesheni za treni na watoto na masufuria, zikingoja kupelekwa mahali ambapo wengi walikuwa hawajawahi kupaona. Wako waliokufa njiani.

Kuanzia hapo vita ya mashariki ilisahaulika. Kundi lilipasuka katikati. Watu walioimba pamoja kwenye kwaya walitukanana kwa kabila za bibi zao. Waliokuwa upande wa baba walikuwa hawamtetei tena, walikuwa wanapigana vita yao ya zamani, na jina lake walilitumia kama jiwe la kurusha.

Mama wa yule kijana alikuja kwenye karakana ya baba mchana wa jua kali. Nilimpa kiti, akakataa kukaa.

"Papa," akamwambia baba, "mutoto wangu alikuita jina mbaya. Ile nayijua, na nilimusemesha. Lakini muzee mwenzako ametuita vile. Miye nilikuwa musichana, tulilala pa stesheni mpaka mama yangu akafia pale pale. Nilirudia hapa kwa sababu hapa njo kwetu. Sasa niambie, miye nani ataniomba pole?"

Baba aliweka chini chombo alichoshika. Yeye mwenyewe alimwomba pole, kwa niaba ya rafiki yake, akimwita dada yangu. Mama yule alilia bila sauti, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaondoka bila kusema kama ameipokea.

Jioni ile baba alikwenda kwa jirani. Nilimfuata kwa kuwa miguu yake haikuwa mizuri. Alimwomba afute lile neno na amwendee yule mama. Fundi wa reli hakuamini masikio yake. Alisema wamemwita rafiki yake msaliti mbele ya avenyu nzima, yeye peke yake amesimama, na leo anaambiwa aombe msamaha.

"Nilikutetea," akasema.

"Haukunitetea," baba akasema. "Uliwafanyia bengine ile balinifanyia miye."

Jirani aliinuka akaingia ndani. Mke wake alitusindikiza hadi getini. Toka siku hiyo wazee wale walisalimiana kwa kuinuliana mkono juu ya ukuta, basi. Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana.

Shangazi tulipata habari zake mwezi wa mvua. Mtoto wake alipiga simu kutoka ng'ambo ya mpaka. Shangazi alikuwa ametoka kutafuta maji, risasi zikaanza mtaani, hakurudi. Majirani ndio waliomzika. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama walimwosha inavyopasa, akajibiwa kwamba walijitahidi.

Tuliweka kilio. Turubai lilikuwa kubwa kuliko waliokuja. Jamaa wa msikiti walifika wakasoma, wakaondoka mapema. Jirani alikuja na mke wake wakakaa viti vya pembeni. Mama wa unga, mama wa yule kijana, alileta unga, akaingia moja kwa moja jikoni kusonga bukari, ugali wetu, na fundi wa reli alipomwona anatoka na sinia aliinamisha kichwa, lakini hakumwendea.

Mimi ndiye niliyetangaza msiba kwenye kundi. Watu wengi waliandika pole. Katikati ya pole hizo namba moja nisiyoifahamu, bila picha, iliandika: kolabo mumoja amepunguka.

Hakuna aliyemkemea. Pole ziliendelea kushuka chini yake mpaka sentensi ile ikapanda juu na kutoweka kwenye kioo. Nilimtoa baba kwenye kundi kwa mkono wangu mwenyewe kabla hajaomba asomewe.

Wiki kadhaa baadaye kioo cha simu yangu kilipasuka, na mtengenezaji wa karibu ni yule kijana. Nilifikiria kwenda mbali, nikaona ni upuuzi. Alinipokea bila kuniangalia machoni. Nilimuuliza kama aliwahi kuisikiliza sauti ya baba yote. Alisema ukweli: hakuisikiliza, alisikia sehemu ya kati, damu ikamchemka. Nikaicheza pale, simu yenyewe ikiwa na nyufa. Alisikiliza salamu, dua, shangazi, mpaka baba aliposema niko nasikiliza.

Alianza kuifungua simu. Kisha akasema bado hakubaliani. Akaniambia kwamba kila mazungumzo yalipofanyika miaka iliyopita, waliokuwa na bunduki waliondoka na vyeo na nguo za jeshi letu, wakaingia ndani yake, na waliofuata walijifunza kwamba kuua ndiyo njia ya kuitwa mezani. Akauliza, kama tunasamehe ili wafu wa kesho wasiwepo, wafu wa jana nani atawalipia. Aliongea taratibu, akichagua maneno, bisibisi mkononi. Sikuwa nimemsikia akiongea hivyo. Kila alichosema kijana, baba angepaswa kukijibu, na pengine asingeweza vyote.

Nikamwomba amwendee baba amwambie hayo hayo.

"Sasa?" akasema. "Banione naingia kwenu? Kesho miye njo nitaitwa vile."

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba anakata mbao za jeneza la mtu wa Kasungami. Sasa watu wa karibu hawamwagizi kitu, kazi zinatoka mbali. Nilimweleza yote kijana aliyoyasema, kama nilivyoyakumbuka, hoja kwa hoja. Aliacha msumeno. Alifikiri kwa muda, akasema hapo kwenye vyeo kijana anasema kweli, hilo hawezi kulikana. Ila juu ya wafu wa jana, akaanza kujibu. Alijibu kwa kirefu, akinyoosha mkono, akirudi nyuma kurekebisha alichosema, akinitazama mimi usoni kana kwamba mimi ndiye yule kijana.