Usukani Mzito

Jirani yangu, dereva mstaafu, hushika kikombe kwa mikono miwili, maana wa kulia hutetemeka. Binti yake anataka aache kuendesha. Jana sote watatu tulikwenda gereji kujaribu magari mawili, saluni kuukuu, achague moja ya kuifufua. Ya kwanza ilikata kona kwa kidole kimoja tu kwenye usukani.

“Chukua hii, baba, laini,” alisema binti kutoka kiti cha nyuma.

“Laini kama maneno ya mwongo, mwanangu. Barabara hainiambii kitu.”

Ya pili ilikuwa na usukani mzito, wa enzi zile gari lilipomtaka dereva awe mtu. Magari ya siku hizi yanabeba madereva kama mizigo inayopumua. Kwenye kona mzee aliukumbatia, akaguna, gari likatii. Niliutazama mkono wa kulia. Ulikuwa umetulia tuli. Binti naye aliuona.

“Basi hii, baba,” alisema. “Zunguka tena.”