Siku Kamera Ilipofika Soko la Ikonge

Soko la Ikonge lilinuka chinsaga, ile mboga chungu inayoacha harufu vidoleni siku nzima, pamoja na ndizi zilizoiva kupita kiasi na udongo uliolowa mvua ya jana. Mama aliketi kando ya barabara, mboga juu ya gunia, mdogo wangu mgongoni. Mahali hapo palikuwa riziki yetu, kwa sababu kila aliyetoka mashamba ya chai alipita mbele yake. Nilikuwa darasa la tano, miaka michache baada ya uhuru, alipokuja mwanamume wa kamera akiongozana na karani wa ofisi ya wilaya. Hawakusalimia mtu. Kwetu hata anayekuja kukutukana huanza na salamu, basi mimi nikaanza kuwatilia shaka hapo hapo.

“Funikeni watoto!” Kemunto, jirani ya mama, alipiga kelele. Sisi Wagusii tunaogopa jicho baya, hasa kwa mtoto mwenye ngozi nyeupe, na mdogo wangu alikuwa hivyo. Mama akamvutia shuka hadi kichwani. Watoto walipokwisha kufichwa, wanawake wakatulia, wakainua nyuso, wakapanga mafungu vizuri.

“Piga na hili kubwa, usinipunje!” Kemunto akacheka.

Lakini kamera haikutaka mafungu. Iliinamia matope, maganda ya ndizi, nzi. Nilimnong'oneza mama kwamba wanapiga picha uchafu tu. “Nyamaza,” akasema, “unataka tuitwe washamba?”

Kabla mahindi hayajakomaa, askari walikuja wakawahamishia wanawake bondeni, mahali pasipopita mtu. Tuliwafunika watoto, barabara tukaiacha wazi mbele ya jicho la kamera.

Juzi nilibeba mtoto wangu wa kwanza kwenda kumwandikisha katika ofisi ile. Ukutani kuna picha mbili. Chini ya moja wameandika KABLA: matope, nzi, na mama yangu akijitahidi kupendeza. Chini ya nyingine, BAADA: barabara safi, maua, hakuna mtu.

“Hapo palikuwa aibu tupu, dada,” karani kijana akaniambia.

“Huyo ni mama yangu. Na katika hii ya pili yuko wapi?”

Aliisogelea picha akaikagua, utadhani mama amejificha nyuma ya maua.

“Yuko bondeni,” nikamwambia. “Leo ni siku ya soko. Teremka ukampige picha: mboga ni mbichi, na mnunuzi hakuna.”