Kinyozi na Kichwa cha Mwanawe

Huyo kinyozi tunayemwita Kasuku, usimwendee ukiwa na haraka. Akinyoa upande wa kulia anakupa habari za mtaa wote, akihamia kushoto anaanza za mtaa wa pili. Lakini mikono yake, ah, haina mfano! Basi mtu kama huyo, mwanawe wa pekee ana msitu kichwani, nywele zimesokotana mpaka kitana kinavunjika meno. Wateja wangemwachia? "Kweli kinyozi hajinyoi, na mwanawe hanyolewi!" Kasuku alicheka nao, ila kicheko kiliishia mdomoni.

Mtoto alizaliwa njiti, miezi yake haijatimia. Alilala wiki nyingi hospitali kwenye kitanda cha joto, taa zikimmulika, mashine zikilia, sindano kila mara. Mwili ulikua vizuri, si haba. Woga ndio ulioganda. Mlango ukijibamiza, analia mpaka anatapika. Mgeni akiingia, anajificha. Na mashine ya kunyolea ikinguruma tu, anatetemeka mwili mzima.

Shule ilipokaribia kufunguliwa, Bibi, mama yake Kasuku, alitoa hukumu: mtoto amedekezwa. Wakamviringisha shuka, Bibi akashika miguu, Kasuku akawasha mashine. Hawakufika popote. Mtoto alipiga yowe hadi sauti ikamkauka, na tangu siku hiyo baba akiingia chumbani, yeye anatoka. Hilo lilimuuma Kasuku kuliko tusi. Baba mzima, unaogopwa na damu yako!

Akaenda kwa muuguzi wa kliniki, mama mmoja asiyemung'unya maneno.

"Hakudekezwa huyu," alimwambia. "Alitoka ubongo wake ukiwa bado unajengwa. Badala ya giza na utulivu tumboni, akapata taa na sindano. Si njiti wote, lakini baadhi yao hushtuka upesi na hutulia kwa shida. Sasa na wewe ukaenda kumkamata kwa nguvu!"

Kasuku akamuuliza, sasa afanyeje?

"Mweleze kabla hujamgusa. Akisema basi, acha. Uache kweli, si 'bado kidogo.'"

Jumamosi asubuhi Kasuku akakaa sakafuni kibandani kwake, mashine mkononi, akamwita mwanawe. "Leo mkubwa ni wewe. Ukisema washa, nawasha. Ukisema basi, nazima."

Mtoto alibaki mlangoni, akawaza. "Washa." Ikanguruma. "Basi!" Ikazimwa. Lo, mchezo ukawa huo huo: washa, basi, washa, basi. Wateja wakasubiri, wakasonya, wakahamia kwa kinyozi wa jirani. Kasuku roho ilimchemka, nisikufiche, lakini akameza. Mchana mtoto akasogea mwenyewe, akainamisha kichwa. Fungu la nywele likaanguka. "Basi." Ikazimwa. Wakapumzika, wakaendelea hivyo, kidogo kidogo.

Upande mmoja ulipokwisha, mtoto akasema, "Basi. Sitaki tena."

Bibi, aliyekuwa ameketi pale kibandani akitazama, akaruka kutoka kitini. "Malizia, mwanangu! Si kimebaki kidogo tu? Jumatatu ni shule, unataka tuchekwe?"

Vidole vya Kasuku vilimsumbua, vinataka kumalizia. Nusu kichwa, na yeye ndiye kinyozi! Mtoto alikuwa akimtazama usoni, hapepesi. Kasuku akazima mashine, akachomoa waya ukutani.

"Amesema basi, mama."

Jumatatu akampeleka hivyo hivyo, upande kipara, upande msitu. Njia nzima watu walishika mbavu. Langoni mwalimu, ambaye mtoto hajawahi kumwona, aliinama akauliza, "Jamani, nani kakunyoa hivi?"

Kasuku akafungua mdomo amjibie, kama kawaida yake. Mtoto akamtangulia, kwa sauti ndogo lakini ya kusikika:

"Baba. Nikimwambia basi, anaacha."

Machozi yakamtoka Kasuku pale pale mbele ya wazazi wenzake, wala hakuyafuta.