Sadaka ya Kila Jumanne

Nakumbuka Jumanne moja asubuhi, mwanangu, nimepiga magoti mbele ya ndoo ya taka ya jirani, natoa maganda ya viazi kwa mkono. Nilikuwa na hasira, na nilijiona niko kwenye haki.

Tulikuwa Queensbury, huko kwa Waingereza, mimi na baba yenu, tumepanga ghorofa ya juu. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nitoke Pemba. Kaunsili, ile serikali ya mtaa, walileta kila nyumba ndoo ya kahawia yenye mfuniko, pamoja na karatasi ya picha: samaki, mkate, sahani ya wali, na lori. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Nikaelewa nilivyoelewa, kwamba serikali inakusanya chakula cha masikini. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa wana huruma.

Baba yenu ningeweza kumuuliza, lakini niliona haya. Alikwishanicheka nilipopanda basi la kwenda siko.

Basi kila Jumanne baada ya sala ya alfajiri napika wali wa nazi na maharage, nafunga kwa karatasi safi, naweka ndooni kwa bismillahi. Mtu wa lori akiumimina kama anayemwaga matope, nami dirishani nikishangaa. Ndivyo wanavyobeba riziki ya watu? Nikajiambia huenda wana utaratibu wao. Mgeni kipofu, ana macho lakini haoni.

Wiki ya sita nikaiona ndoo ya Mzee Kanti, Mhindi wa Nakuru aliyekaa chini yetu. Ndani mna maganda, majani ya chai, mkate wenye ukungu. Nikapiga magoti, nikaanza kuyatoa. Masikini wale uchafu huu?

Mzee akafungua mlango, akanikuta.

"Mama, mbona unachukua maganda yangu?"

"Mzee, hiki watu watakula?"

"Watu gani? Hii inaenda kuoza, mama. Inakuwa mbolea."

Sikuelewa. Akarudia polepole. Nikafunua ndoo yangu kumwonyesha, wali ungali na moto. Mzee akakaa kwenye ngazi, nami sikujua kama anacheka au analia.

"Mke wangu amekufa miezi minne sasa," akasema. "Mimi ni mkate na chai tu. Kila Jumanne harufu ya nazi inanifikia kitandani, nafikiri huyu mama ana wageni. Kumbe unapikia lori. Ungegonga mlango wangu hata mara moja, ukauliza."

Nilipanda mbio, nikampakulia yaliyobaki chunguni. Alikula palepale ngazini, lori likipita na sadaka yangu.

Mpaka leo sijui zile wiki sita ziliandikwa thawabu au israfu. Sheikh mmoja aliniambia amali ni nia. Mwengine alinyamaza, na kile kimya bado kinanitatiza.

Ila hili nalijua, mwanangu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na haya ya kuuliza ni fupi kuliko majuto ya kutouliza. Kabla hujatafuta masikini mbali, mjue anayelala chini ya sakafu yako. Chakula kipike kwa kiasi, kilichobaki mpe mtu, na maganda ndiyo ya ndoo. Mola akujaalie mkono mwepesi wa kutoa na ulimi usioona haya kuuliza, na asikukoseshe jirani mwema popote utakapopanga.